Uma, makucha au mikono: bega la nguruwe la moshi mnalinyambua vipi?

MpishiWaShabab (Nakuru)
Wadau, habari za jioni. Jumamosi nina wageni 18 hapa nyumbani na nimeshaagiza mabega 2 ya nguruwe, kila moja kilo 4 na mfupa wake. Yanaingia kwenye pipa usiku, makaa na vipande vya mpera. Moshi siuogopi. Ninachoogopa ni kunyambua. Mara ya mwisho nilihangaika na uma mbili kwa nusu saa nzima, bega moja tu, vidole vikafa ganzi na nyama ikapoa mpaka mafuta yakaganda. Sasa nimeona dukani yale makucha ya plastiki kama ya dubu, shilingi 1,200. Shemeji naye anasema nitumie mashine yake ya kukorogea keki. Aliyejaribu hivi vitu aniambie kabla sijatoa pesa.

Dada_Dunga (Kisumu)
Makucha ninayo mwaka wa tatu huu. Uzuri wake mkubwa si kunyambua, ni kubeba. Bega limeiva, linataka kuanguka vipande, koleo linalirarua. Unaingiza makucha pande mbili unalihamisha mpaka kwenye sinia bila kuungua. Baada ya hapo unalipasua mapande makubwa 5 au 6. Ukiendelea nayo hadi mwisho unaharibu, maana mkono haujui nyuzi za nyama zinaelekea wapi, unakwaruza tu kila upande. Utapata kitu kama nyama ya kusaga.

Halafu kuyaosha. Mafuta yanakaa pale meno yanapoanzia, ukiacha usiku mmoja utayasugua na mswaki wa zamani.

Fundi_Lurambi (Kakamega)
Mulembe. Mimi nilifikiri nina akili, nikatumia drili. Kuna vifaa vya kuchomeka kwenye drili vya kunyambulia nyama, nikaona nitengeneze changu kwa chuma cha pua. Ndoo safi, nyama ndani, nikabonyeza. Sekunde 10 hivi ilikuwa nzuri sana. Sekunde 20 ilikuwa uji. Mama mkwe aliuliza kama ni chakula cha mtoto.

Na kumbukeni drili ina grisi pale mbele. Yangu ni ya kutoboa kuta. Sirudii.

Dada_Dunga (Kisumu)
Omera, umenichekesha hadi chai imemwagika.

MzeeKuni (Njoro)
Kijana wa Shabab, nusu saa kwa bega moja maana yake halikuwa limeiva. Usinunue chochote kabla hujaelewa hilo.

Bega lina tishu ngumu nyeupe zinazoshikilia nyuzi pamoja. Zile haziachii kwa sababu nyama imepata rangi nzuri. Zinayeyuka polepole na kuwa kama gundi laini, na zinataka joto la juu kwa saa nyingi. Nyama ikifika joto la nyuzi 70 za Selsiasi hivi itagoma hapo, saa mbili, saa tatu, kipimo hakisogei. Ni maji yanayotoka juu ya nyama yanaipoza, kama jasho linavyokupoza wewe. Wengi hukata tamaa hapo wakaitoa. Nyama ya 70 inalika, ila ni ya kukata kwa kisu. Haitanyambuka hata ukiwa na makucha ya simba. Ifunge kwenye karatasi ya foili uirudishe.

Sasa jambo ambalo mapishi ya Wamarekani hayakuambii. Wao husema ngoja ifike nyuzi 95 au 96 za Selsiasi. Lakini Nakuru mko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye 94 hivi. Nyama imejaa maji, itavukaje hapo? Ukingoja 96 utangoja mpaka ikauke. Mimi Njoro niko juu zaidi, nikiona 91 naanza kuipima kwa mkono: nashika mfupa wa bega na kuuzungusha. Ukitoka msafi kama jino la mtoto, basi. Dada wa Kisumu ana bahati, kwake maji yanafika 96.

Kisha ipumzike saa nzima ndani ya foili, imefunikwa na taulo nzee. Ukifanya hivyo, hata uma zako zitafanya kazi dakika 10.

MpishiWaShabab (Nakuru)
Mzee, umenishika. Niliitoa kwenye 78 nikadhani nimechelewa. Shikamoo.

MamaPoko (Busia)
Marahaba ya mzee nimpokelee. Mimi nauza nyama hii siku za soko, mabega 4 au 5 kwa siku, na vifaa vyote mnavyotaja nimevipitia. Nimerudi kwenye mikono.

Nunua glavu za pamba, zile nyeupe za kazi, mpya, uzifue kwanza. Juu yake vaa glavu za kutupa za kushikia chakula, saizi kubwa kuliko yako ili zipite. Pamba inazuia joto, ya juu inazuia mafuta. Nyama ikishuka mpaka 65 hivi unaishika bila kuruka. Usiiache ipoe sana, mafuta yakishika inakuwa kazi ya jela, na pia si salama kuiacha vuguvugu muda mrefu mezani.

Toa mfupa. Toa vipande vya mafuta yasiyoyeyuka na ile mishipa ya mpira. Hapo ndipo mikono inashinda kila kitu, kwa sababu kidole kinaihisi na uma haihisi. Kisha fuata nyuzi, unavuta kama unachambua pamba. Nene kama kidole kidogo, si nyembamba. Itajipasua yenyewe ukichanganya. Nyuzi zikiwa ndefu mno, pitisha kisu kukata katikati, mteja asivute kamba mdomoni. Lile gamba jeusi la juu likatekate ndogo na ulirudishe lote, ndiyo ladha yenyewe. Mchuzi uliobaki kwenye foili engua mafuta, mimina humo na siki kidogo.

Bega moja, dakika 12 mpaka 15. Glavu za kutupa sibadilishi mpaka zipasuke, za pamba nachemsha jioni.

Na nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Huku kwetu nguruwe wengi hujitafutia wenyewe vijijini, na minyoo ya tegu si hadithi. Ukiona vipunje vyeupe kama mchele ndani ya nyama, usinunue hata ukipunguziwa.

MpishiWaShabab (Nakuru)
Asante mama. Na mashine ya keki ya shemeji? Nikikataa ataniuliza.

Dada_Dunga (Kisumu)
Kama ni ile ya kusimama mezani yenye bakuli, weka kile kibao bapa, si waya wa mayai. Mwendo wa chini kabisa, bakuli lisivuke nusu, sekunde 20 uzime uangalie. Kwa kuku ni nzuri ajabu. Kwa nguruwe inasaga gamba na mafuta yote humo humo, huwezi kuchagua. Ikiwa ni ile ya kushika mkononi, mwache shemeji na keki zake, mota itaungua na undugu uishe.

Fundi_Lurambi (Kakamega)
Hakuna aliyetaja panga na gogo. Kule Carolina Kaskazini, Marekani, upande wa mashariki, wanaikatakata na siki badala ya kuivuta. Wageni 18 ni wengi, katakata bega moja, jingine nyambua.

MamaPoko (Busia)
Hiyo ni kweli. Gogo tu liwe halijakatiwa nyama mbichi.

MpishiWaShabab (Nakuru), Jumapili
Ripoti. Mabega yalikaa kipimo 71 kutoka saa kumi alfajiri hadi karibu saa moja asubuhi, nikavumilia. Nilitoa kwenye 93, mfupa ukaja wenyewe. Glavu za pamba za shilingi 100, dakika 25 kwa mabega yote mawili, na hapo nilikuwa napiga gumzo. Shemeji nilimpa kuku wawili kwa mashine yake, wakatoka vizuri kiasi kwamba sasa anadai sifa za kila kitu kilichokuwa mezani. Makucha sikununua.

Glavu zimechemshwa mara mbili, bado zinanuka moshi. Mke amezianika kwa uzio wa jirani.