Hartland, Breyer au Marx: nianze na farasi gani, na nifuate katalogi ipi?

MwanaLamu_Wisconsin aliandika:

Ndugu wakusanyaji, salamu kwenu nyote.

Nimeishi Milwaukee kwa miaka 11 bila kujua kwamba kijiji cha Hartland, ambacho kutoka kwangu ni mwendo usiofika saa moja kwa gari, ndiko walikotengenezwa wale farasi wa plastiki na wapanda farasi wao ambao watoto wa Kimarekani wa miaka ya 1950 waliwapenda sana. Mwezi uliopita, katika soko la vitu vikuukuu, nilinunua farasi mweupe aliyenyanyua miguu ya mbele, akiwa na hatamu ya mnyororo mwembamba, na juu ya tandiko lake mpanda farasi mwenye barakoa nyeusi iliyochorwa usoni. Nimeridhika kwamba ni Lone Ranger, yule shujaa wa barakoa wa televisheni, na farasi wake Silver. Mpanda farasi hana kofia, na kati ya bastola zake mbili imebaki moja.

Sasa nataka kuanza mkusanyiko wenye mpango. Sipendi kununua ovyo, kwa hiyo nimejiwekea njia tatu. Ya kwanza ni Hartland, kampuni yenye jina la kijiji hicho, ambao wanavutia kwa sababu farasi na mpanda wake ni kitu kimoja kilichouzwa pamoja, na kila mhusika wa televisheni ana farasi wake: Roy Rogers na Trigger, Dale Evans na Buttermilk, Tonto na Scout, na wengine wengi. Ya pili ni Breyer wa Chicago, ambao farasi wao wamechongwa kwa ustadi mkubwa zaidi kwa macho yangu. Ya tatu ni Louis Marx, aliyeleta Johnny West mwaka 1965, mwanasesere wa kauboi mwenye viungo vinavyokunjika na lundo la vifaa, pamoja na farasi wake mkubwa Thunderbolt.

Ninakusudia kutumia katalogi za zamani za kuagiza bidhaa kwa posta kama mwongozo, yaani Sears, Montgomery Ward na J.C. Penney, ili nijue kitu kilikuwaje kilipokuwa kipya kabla sijakilipia. Je, mnashauri nianze na njia ipi, na katalogi hizo zinaaminika kwa kiasi gani?

BiKatalogi aliandika:

Kaka MwanaLamu, karibu sana. Mimi hukusanya katalogi zenyewe kuliko vinyago, kwa hiyo niruhusu nianzie mwisho wa swali lako.

Montgomery Ward ndiyo iliyotangulia, kwani Aaron Montgomery Ward alianza biashara yake Chicago mwaka 1872 kwa karatasi moja ya bei. Sears ilifuata miaka ya mwisho ya karne hiyo, ikatoa katalogi yake ya kwanza ya Krismasi mwaka 1933, ingawa jina la Wish Book ambalo watu hulitumia kwa zote lilianza kuandikwa juu ya jalada mwaka 1968 tu. J.C. Penney iliingia katika biashara ya katalogi mwaka 1963, na kwa sababu hiyo haitakusaidia kabisa kwa Hartland wa miaka ya 1950. Ward ilifunga katalogi yake mwaka 1985, na Sears ikaacha ile kubwa mwaka 1993. Ukizingatia miaka hiyo, utaona kwamba kwa farasi wako mweupe unahitaji Sears na Ward za Krismasi, na kwa Johnny West unaweza kutumia zote tatu.

Kuhusu kuaminika, ukurasa wa katalogi ni shahidi mzuri wa mambo fulani na shahidi mbaya wa mengine. Ni shahidi mzuri wa kilichokuwa ndani ya boksi, kwa sababu maelezo yaliyo chini ya picha hutaja vipande, vipimo na uzito wa kifurushi. Huo uzito watu wengi huuruka, nami nauona kuwa ndio hazina yenyewe, maana seti mbili zinazofanana kwa maneno zikitofautiana uzito kwa kiasi kikubwa, basi moja ina farasi na nyingine haina, au moja ina tandiko la ziada. Ni shahidi mbaya wa rangi, kwa kuwa kurasa nyingi za vinyago katika miaka hiyo zilichapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ni shahidi mbaya pia wa umbo la mwisho, kwa sababu picha ziliandaliwa miezi mingi kabla ya Krismasi, na mara nyingine kilichopigwa picha ni kielelezo cha majaribio au mchoro wa msanii tu. Nimewahi kuona watu wakitafuta kwa miaka kifaa ambacho kipo kwenye mchoro na hakikuwahi kutoka kiwandani.

Jambo lingine ni kwamba kampuni hizo mara nyingi hazikutaja jina la mtengenezaji, na namba ya bidhaa iliyochapwa hapo ni ya duka wala si ya kiwanda. Ukiandika namba ya Sears kwenye daftari lako kana kwamba ni namba ya Hartland, utajichanganya mwenyewe baadaye. Mimi huweka safu mbili: ya duka, na ya kiwanda kutoka katika katalogi ambazo watengenezaji waliwapelekea wenye maduka. Katalogi hizo za kiwanda ni chache na ni ghali zaidi, lakini ndizo zinazoeleza orodha kamili.

FundiHifadhi aliandika:

Nimesoma hoja zote mbili na naona jambo moja halijaguswa, nalo ni kitu chenyewe kimetengenezwa kwa nini. Kazi yangu ya kila siku ni kutunza vitu vya plastiki katika ghala la makumbusho, na hili ndilo ningelitanguliza kabla ya katalogi yoyote.

Hartland na Breyer walitumia selulosi asetati, plastiki inayotokana na nyuzi za mti au pamba zilizochanganywa kikemikali na asidi ileile iliyomo katika siki. Ni plastiki nzuri yenye mng'ao, inayopokea rangi vizuri, na ndiyo maana farasi hao wanaonekana kama wamechongwa jana. Lakini kadiri miaka inavyopita, na hasa penye joto na unyevu, asidi hiyo huanza kuachana na plastiki na kutoka tena. Utaifahamu kwa pua kabla ya jicho, kwa sababu ukifungua boksi harufu ya siki hukupokea. Kisha huja kupinda kwa miguu, kusinyaa, na umajimaji unaonata juu ya rangi. Baya zaidi ni kwamba asidi iliyotoka huharakisha uharibifu wa kile kilichobaki, na farasi mmoja mgonjwa huwaambukiza waliofungiwa naye kabati moja.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nusa kabla ya kununua, na kama unanunua kwa mnada wa mtandaoni muulize muuzaji moja kwa moja kuhusu harufu. Usiwafungie ndani ya mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, wala usiwaweke darini ambako joto la kiangazi hupanda. Na tafadhali, usisafishe kamwe kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu asetoni iliyomo huyeyusha selulosi asetati papo hapo. Nimeletewa farasi aliyefutwa hivyo ubavuni, na hapakuwa na la kufanya.

Marx ni habari nyingine. Johnny West na Thunderbolt ni vya polithini, ambayo haina ugonjwa huo wa siki. Udhaifu wao uko kwenye viungo vya mwanasesere, vinavyolegea au kukatika, na kwenye vifaa vidogo vya plastiki laini vinavyopinda.

Kipanga_Ohio aliandika:

Ndugu Fundi amenisaidia kusema nililotaka kusema. Kwa mtu anayeanza, Marx ndiyo njia bora, nami nina sababu tatu nzito. Vitu hivyo vilitengenezwa kwa wingi katika kiwanda cha Glen Dale, West Virginia, kwa hiyo bado vinapatikana. Havinuki wala kuyeyuka. Na juu ya yote, vina tarehe mgongoni: Johnny West ameandikwa MCMLXV, yaani 1965, kwa hiyo mnunuzi hahitaji kupekua katalogi usiku kucha ili ajue umri wa kitu alichonacho.

Tena, ndani ya familia hiyo kuna hadithi ambazo hazipatikani kwa Hartland. Yuko Jed Gibson, skauti mweusi wa jeshi la farasi, aliyetoka katika miaka ya 1970 na ambaye leo ni miongoni mwa wanaotafutwa sana. Kwa mtu kama mimi, niliyesoma habari za vikosi vya askari weusi wapanda farasi vilivyoundwa na Marekani mwaka 1866, kumshika mkononi mwanasesere huyo ni jambo lenye uzito wake.

BiKatalogi aliandika:

Mwanangu Kipanga, hapo kwenye tarehe nakuomba turekebishane kwa upole, kwa sababu kosa hilo limewagharimu watu fedha. Hiyo MCMLXV ni tarehe ya kalibu, yaani chombo kinachoipa plastiki umbo, haikuonyeshi mwaka ambao mwanasesere huyo mwenyewe alitoka kiwandani. Kalibu ile ile iliendelea kutumika miaka mingi, hata baada ya kampuni kuuzwa kwa Quaker Oats mwaka 1972, na kila kilichotoka humo kilibeba namba ile ile ya 1965. Kinachotenganisha wa mwanzo na wa baadaye ni boksi, rangi ya vifaa na orodha ya vipande, na mambo hayo ndiyo hasa yanayopatikana kwenye kurasa za Sears na Ward za mwaka hadi mwaka. Hivyo Marx ndiye anayehitaji katalogi kuliko wenzake.

Kuhusu maboksi, kitu kilichoagizwa kwa posta mara nyingi kilifika ndani ya katoni ya kahawia isiyo na picha, tofauti na boksi la rangi la dukani. Mtu akikuuzia seti ya Marx ndani ya katoni ya namna hiyo yenye maandishi tu, usidhani amebadilisha boksi. Marx alitengeneza pia seti nyingine mahususi kwa Sears, ambazo mchanganyiko wake wa vipande haukuuzwa mahali pengine, kwa hiyo orodha ya duka la kawaida inaweza kukufanya udhani seti ina upungufu ilhali imekamilika.

Mgeni_Toronto aliandika:

Samahanini kwa kuingilia. Je, Breyer walitengeneza wapanda farasi, au ni farasi peke yao?

FundiHifadhi aliandika:

Dada, walitengeneza, ila kwa muda mfupi, katika miaka ya 1950: Davy Crockett, Kit Carson, Robin Hood, askari wa farasi wa Kanada (ambaye huenda wewe wa Toronto ukampenda), na wengine wachache. Baada ya hapo waliegemea farasi wenyewe. Hata farasi wao wa kwanza, yule wa Magharibi mwenye tandiko la kubana, alizaliwa kama pambo la saa ya mezani kwa kampuni ya Mastercrafters mnamo mwaka 1950, na kalibu ikabaki kwa Breyer. Kwa hiyo anayetaka farasi na mpanda wake pamoja atapata vichache kwao, na kwa bei kubwa.

Kipanga_Ohio aliandika:

Bibi, nimekubali kuhusu tarehe. Nimekwenda kumtazama wa kwangu na vifaa vyake si vya rangi moja, maana yake nilinunua mchanganyiko wa miaka tofauti nikidhani ni seti ya 1965. Bado nasimama na Marx kwa uimara wake, lakini hoja yangu ya tatu naiondoa.

BiKatalogi aliandika:

Kaka MwanaLamu, nimalizie la Hartland kabla hujaamua. Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, umbo moja la farasi lilitumika kwa wapanda kadhaa, likibadilishwa rangi tu, kwa hiyo wauzaji huoanisha mpanda yeyote na farasi anayemtosha. Pili, kalibu za farasi wa Hartland zilipita mikononi mwa kampuni nyingine baadaye, ikiwemo Steven ya Hermann, Missouri, kwa hiyo farasi anaweza kuwa wa kweli wa Hartland kwa umbo na asiwe wa miaka ya 1950. Tumia televisheni kama kikomo cha chini: Matt Dillon, ambaye naye ni mmoja wa wapanda wa Hartland, alianza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1955, kwa hiyo asitafutwe kwenye katalogi ya 1954.

Ukipata katalogi yenye kurasa zilizochorwa duara kwa kalamu na mtoto wa wakati ule, usiidharau kwa sababu bei yake imeshuka. Ninayo Ward moja ambayo mtoto amezungushia farasi, akakata mstari, akazungushia farasi wa bei nafuu zaidi chini yake. Ukurasa huo siuuzi.

MwanaLamu_Wisconsin aliandika:

Nawashukuru nyote, nanyi Bi Katalogi nawashukuru zaidi.

Jana nilifuata maelekezo. Farasi wangu hana harufu ya siki, miguu yake imenyooka, na anasimama bila kuegemezwa. Nimesoma pia kwingine maelezo kuhusu hatamu ya mnyororo kama ya farasi wangu, na yananifanya niamini kwamba yeye ni wa kundi la mwanzo, kabla hawajahamia hatamu za plastiki. Nimeamua kubaki na Hartland wa ukubwa mkubwa, wapanda farasi wa televisheni tu, na kwa mwaka huu nisinunue farasi mwingine yeyote mpaka nipate kofia nyeupe na bastola ya pili ya huyu. Katika daftari nimechora safu mbili kama mlivyonielekeza, na ya tatu nimeiongeza mwenyewe kwa ajili ya harufu, pamoja na tarehe niliyonusa.

Ndugu Kipanga, siku utakayopata Jed Gibson wa pili, tafadhali uniandikie kabla ya kumpeleka mnadani.