Mliowahi kujenga mtandao wa madaktari kwenye nchi zetu zinazoendelea, tupeane uzoefu

DaktariPekee (mleta uzi)
Wakuu, poleni na zamu. Naomba tuweke hapa tuliyopitia wenyewe katika kuwaunganisha madaktari kwa intaneti. Kila mara naona makundi yanaanzishwa kwa shangwe, baada ya miezi michache yamebaki ya kutakiana heri ya sikukuu. Naanza mimi.

Nilikuwa daktari mmoja tu kwenye hospitali ndogo, mbali na rufaa. Usiku mmoja wakaniletea kijana aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu. Mate yanamtoka, jasho linamtiririka, kifua kinakoroma, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano. Nikaanza atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, naongeza maradufu kila baada ya dakika 5, na kila nikimmulika tochi naona mboni bado ndogo. Boksi la dawa linaelekea kuisha. Nikaandika kwenye kundi letu lenye madaktari zaidi ya 200: "Niendelee au nisimame?" Naona kabisa watu wamesoma. Kimya.

Baada ya dakika 40 akajibu bingwa mmoja wa wagonjwa mahututi ambaye hatujawahi kuonana: "Achana na mboni, sikiliza kifua. Kikiwa kikavu, presha ipo na mapigo yamevuka 80, umefika. Hamia kwenye dripu ya kuendeleza." Nikaweka stetoskopu mgongoni. Kikavu kila upande. Kilikauka saa ngapi sijui, mimi nilikuwa nahangaika na tochi. Kijana alipona, lakini zile dakika 40 sijazisahau hadi leo.

Wale 200 hawakuwa na roho mbaya. Kila mmoja alidhani mwenzake atajibu. Asubuhi nilimpigia yule bingwa tukapanga orodha ya zamu: kila fani ina mtu wa kujibu wiki hiyo na wa kumshikia akibanwa, na wanabadilishana kama tunavyobadilishana zamu za wodini. Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza maswali ya kweli.

Dada wa Eksirei
Asante dokta, umenigusa. Mimi niko upande wa wanaojibu, na mwaka wa kwanza nilikuwa natumiwa picha ambazo hata Mungu akinisaidia sisomi. Flashi imepiga katikati ya filamu, ubavu mmoja umekatwa, nyuma kuna dirisha. Nikaandika maelekezo nikayabandika juu kabisa: zima taa za chumba, acha boksi la mwanga peke yake, zima flashi, simama sambamba na filamu. Piga moja ya filamu nzima, kisha moja ya karibu kwenye eneo unalolitilia shaka. Tuma kama faili ili isibanwe njiani. Tangu hapo naweza kuuona hata mstari mwembamba wa pafu lililosinyaa.

Kubwa zaidi ni jina la mgonjwa. Kuna mwenzetu alituma filamu yenye jina kamili pembeni. Simu yake ilikuwa inahifadhi kila picha kwenye albamu ya familia, mtoto wake akaiona, na ilikuwa ya jirani yao. Yule mama aliacha kuja kliniki. Tulimwomba radhi, hakurudi. Sasa tunaziba jina kwa plasta kabla ya kupiga, tunatumia namba, na idhini ya mgonjwa inaandikwa kwenye faili lake.

Mzee wa Rejista
Wanangu, msisahau mlango. Sisi tuliruhusu kila aliyejiita daktari, akaingia muuza dawa akawa anawashauri vijana watumie antibiotiki anazouza yeye. Tulichelewa kumgundua kwa sababu alikuwa na lugha nzuri kuliko sisi. Siku hizi hakuna anayeingia kabla hatujalinganisha namba yake na rejista ya baraza la madaktari. Ni kazi ya kuchosha, nimeifanya kwa mkono jina kwa jina, na ningeifanya tena.

Fundi Mitambo
Mimi si daktari, niliwajengea tu. Kosa langu lilikuwa kutengeneza programu nzito yenye video wakati mtandao wenyewe unakatika kila mara. Ilinibidi nisome historia. Mwaka 1998 Lord na Lady Swinfen wa Uingereza walianzisha shirika la hisani la kuwaunganisha madaktari wa hospitali za mbali na mabingwa, kwa barua pepe na kamera ya kidijitali tu. Kituo cha kwanza kilikuwa Bangladesh. Ghana nao, mwaka 2008, chama cha madaktari kilishirikiana na kampuni ya simu ili wanachama wapigiane bure. Simu ya kawaida tu! Nikafuta video, nikaweka maandishi kwanza, na ujumbe unaojituma wenyewe mtandao ukirudi. Matumizi yakapanda.

Intani
Naomba niseme ukweli wangu. Nilikaa mwaka mzima nasoma tu, siandiki. Swali la kwanza nililouliza, profesa alinijibu mbele ya wote, "Hukusoma hili darasani?" Nikafunga mdomo. Wiki hiyohiyo nilikuwa na mama mwenye presha ya ujauzito nikakisia peke yangu. Alivuka salama, lakini ilikuwa bahati. Ninachoomba kwa wanaojenga: wekeni msimamizi mwenye mamlaka ya kumwonya hata profesa.

Dada wa Eksirei
Pole sana mdogo wangu. Kwetu sheria hiyo ipo, na wa kwanza kuonywa alikuwa bosi wangu.

Daktari wa Ini
Naongezea: kuulizana pekee hakutoshi, lazima mtu atoke amejua kitu. Mwaka 2003 huko New Mexico, Marekani, Dkt. Sanjeev Arora alianza kukutana kwa video na madaktari wa vijijini kuhusu homa ya ini aina ya C. Wanaleta wagonjwa wao, wanajadiliana, wanawatibu hukohuko kwao. Matokeo yalichapishwa 2011: waliopona vijijini ni asilimia 58.2, hospitali ya chuo kikuu 57.5. Sisi tunafanya kila Alhamisi, saa moja, wagonjwa wawili. Video ikigoma tunaendelea kwa sauti.

Intani
Swali la mwisho wakuu. Nikifuata ushauri wa mtu wa mtandaoni mgonjwa akaharibikiwa, nani anawajibika?

DaktariPekee
Mdogo wangu, mwamuzi ni wewe uliyesimama kitandani, kwa sababu wewe ndiye umemshika mgonjwa. Kwetu tunaandika mistari minne kwenye faili: saa, fani ya aliyeshauri, alichoshauri, nilichoamua na kwa nini. Na asubuhi unarudi kundini kumwambia aliyekushauri mgonjwa ameamkaje. Yule bingwa wangu wa atropini aliniambia anakaa macho akisubiri ujumbe huo.