Wakala "ametuongezea kasi" kwa kutoa 8b/10b (usimbaji unaogeuza kila biti 8 kuwa 10 kwenye waya), sasa mashine ya kahawa inakufa kila hopa ikiwa tupu

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu. Wasimamizi, naomba msiuhamishie jukwaa la matangazo, siuzi kitu. Nimeuziwa.

Mimi ni fundi wa umeme na elektroniki kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Kiwanda sikitaji, wakala naye simtaji, maana bosi bado ana matumaini pesa itarudi. Tuna mashine ya kuchambua kahawa kwa rangi. Kwa asiyeijua: punje zinateremka kwenye mifereji, kamera inazipiga picha zikiwa hewani, bodi inaamua, vali ya hewa inapuliza ile mbovu pembeni. Kamera na bodi vinaongea kwa jozi moja ya nyaya, biti moja nyuma ya nyingine, gigabiti 1.25 kwa sekunde.

Misimu minne mashine haijawahi kutusumbua. Mwezi wa saba, kabla kahawa haijaanza kumiminika, wakala akaja na "sasisho la kuongeza kasi". Programu mpya kwenye kamera, programu mpya kwenye bodi, asilimia 25 zaidi ya mistari kwa sekunde, bila kubadilisha kifaa hata kimoja. Bosi akafurahi. Mimi nikauliza hiyo kasi inatoka wapi kama nyaya ni zile zile. Injinia wao akaniambia, "Fundi, hayo ni mambo ya ndani."

Wiki ya kwanza hamna shida, kahawa ilikuwa inamwagika mfululizo. Shida ikaanza siku malori yalipochelewa. Hopa ikaisha, mifereji ikabaki mitupu, na kwenye kioo likatokea tangazo kwamba kamera ya pili haipatikani. Mashine nzima ikasimama. Kuiwasha upya ni dakika nne. Ukishaiwasha, kama kahawa haijafika, inakufa tena. Kahawa ikiwa inapita, haifi. Yaani mashine inafanya kazi ikiwa na kazi, ikipumzika inazirai.

Wakala akaja. Akabadilisha kebo, laki nne na nusu. Ikafa. Akaja tena, kebo nyingine, laki nne na nusu. Ikafa. Mara ya tatu akasema umeme wetu mchafu, tununue stabilaiza kwake, halafu bado akabadilisha kebo. Katikati hapo aliwahi kusema ni panya. Nilimwonyesha kebo ya zamani, haina hata alama ya jino.

Basi nikaamua kupima mwenyewe. Nilimkopa mke wangu kanga, ile yenye maua mengi na pindo jeusi, nikaining'iniza mbele ya kamera mifereji ikiwa mitupu. Saa nzima ya chakula cha mchana laini haikukatika. Nikaitoa, nikaweka kitambaa cheusi, sekunde mbili tatu, chali. Hapo nikadhani ni giza. Nikaweka karatasi nyeupe na taa zote kali. Chali vile vile!

Kwa hiyo tatizo si giza. Tatizo ni kitu kufanana na chenyewe. Nyeusi kabisa ni sifuri tupu, nyeupe kabisa ni 255, ambayo kwa biti ni moja nane mfululizo. Kanga ina kila namba.

Nikampigia injinia wao, nikamuuliza kwa upole kabisa kama wametoa 8b/10b. Akasema ndiyo, tena kwa fahari: "Ule mzigo ulikuwa unakula asilimia 20 ya laini bure, tumeuondoa." Jamani. Bure!

Ngoja niwaeleze huo "mzigo" ni nini, ili muone kwa nini nimekasirika.

Kwenye jozi ile hakuna waya wa saa. Upande unaopokea unajua biti moja imeisha na nyingine imeanza kwa kuangalia volti inavyogeuka, sifuri kwenda moja, moja kwenda sifuri. Kila mgeuko unamsaidia kurekebisha mapigo yake. Ukimnyima migeuko anaanza kuhesabu kwa kubahatisha, na kwa biti za nanosekunde 0.8 kubahatisha hakufiki mbali. Mstari mmoja wa kamera yetu ni nukta 2,048, kila nukta rangi tatu, kila rangi biti 8. Hizo ni biti 49,152. Mifereji ikiwa mitupu, zote sifuri, maana kamera imewekwa ikate kila kilicho giza kiwe sifuri kamili. Unamwambia mtu ahesabu sifuri elfu arobaini na tisa bila kumpa hata mgeuko mmoja, halafu akipotea unabadilisha kebo?

Hilo ni la kwanza. La pili ni kapasita. Kwenye kila waya kuna kapasita ya nanofaradi 100, ziko pale ili volti ya kamera na ya bodi zisigombane. Kapasita haipitishi umeme usiogeuka. Ukizidisha sifuri au ukizidisha moja, volti upande wa pili inateleza polepole kurudi katikati, mpaka mpokeaji hajui anaona nini. Kwa omu 50 kila upande, kuteleza huko kunachukua mikrosekunde 10 hivi. Mstari wetu mmoja ni mikrosekunde 39. Nimeliona kwa macho: nilienda Arusha kuazima oskiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye kioo) ya megahezi 100, ambayo biti zenyewe haiwezi kuziona kabisa, lakini ule wastani ukipanda na kushuka unauona kama mtu anavyopumua.

Haya mawili ndiyo yaliyotatuliwa mwaka 1983 na Al Widmer na Peter Franaszek wa IBM. Unachukua baiti ya biti 8, unaigeuza neno la biti 10. Maneno ya biti 10 yapo 1,024, kwa hiyo unachagua yale mazuri tu na mengine unayapiga marufuku. Matokeo yake, hutaona biti zinazofanana zikizidi tano mfululizo, hata utume nini. Tano! Sisi sasa hivi tuko kwenye elfu arobaini na tisa.

Kuna sehemu naipenda sana, nivumilieni. Maneno ya biti 10 yenye sifuri tano na moja tano ukiyahesabu ni 252. Baiti zipo 256. Yaani yamepungua manne tu, na hapo hujaondoa yenye mifuatano mirefu, wala hujatenga ya alama maalumu. Sasa wao walifanyaje? Wakafungua daftari la deni, kama la dukani kwa Mangi. Baiti ambazo hazikupata neno lililo sawa zikapewa maneno mawili: la kwanza lina moja sita na sifuri nne, la pili kinyume chake. Ukituma lenye moja nyingi, unaandika deni. Neno linalofuata lisilo sawa lazima lilipe kwa sifuri. Deni halirundikani kamwe, kapasita inalala usingizi. Ile baiti ya sifuri inayotuua sisi ingekwenda kama 1001110100, tano kwa tano. Mfereji mtupu ungekuwa unapiga muziki tu kwenye waya.

La tatu ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu halizimi mashine. Linaharibu kahawa kimya kimya.

Mpokeaji anapokea mto wa biti. Neno linaanzia wapi? Kwenye 8b/10b kuna maneno 12 ya pembeni ambayo si data. Moja linaitwa K28.5, linakwenda 0011111010 au kinyume chake 1100000101. Zile biti saba za mwanzo haziwezi kutokea ndani ya data, wala pale maneno mawili ya data yanapokutana. Ukiziona, unajua kwa hakika neno limeanza hapa. Injinia wa wakala ameziondoa, badala yake kaweka alama yake mwenyewe mwanzoni mwa mstari: baiti 165 ikifuatwa na 90. Kanitumia kwa WhatsApp akijisifu.

Wakuu, nyekundu 165 na kijani 90 ni rangi! Ni kahawia yenye wekundu. Punje za namna hiyo kwenye gunia ziko tele. Punje ikipita na rangi hiyo, bodi inadhani mstari mpya umeanza, nukta zote zinahama, na vali zinapuliza pasipo na ubaya. Kwa wiki tatu nilikuwa naokota punje safi kabisa kwenye ndoo ya uchafu, wasichana wa kuchambua kwa mkono ndio walioniambia kwanza, nikawajibu labda lenzi ina vumbi. Nimewaomba radhi.

Na injinia ananionyesha nini kama ushahidi wa afya? Kioo. "Ona fundi, kaunta ya makosa ni sifuri." Zamani ilikuwa inasoma makosa mawili matatu kwa siku. Lakini yale makosa yalikuwa yanaonekana kwa sababu 8b/10b ina maneno yaliyopigwa marufuku na ina daftari. Neno haramu likifika, au deni lisipolingana, inajulikana biti imeharibika. Sasa kila mpangilio wa biti 8 ni halali. Umemfukuza mlinzi, halafu unasema siku hizi hakuna taarifa za wizi.

Utetezi wake wa mwisho, na huu nimeusikia hata humu ndani kwa watu wa kompyuta: "Mbona PCIe wenyewe waliacha 8b/10b?" (PCIe ni ile njia ya kuunganisha kadi ndani ya kompyuta.) Ni kweli. Kizazi cha kwanza na cha pili, gigatransfa 2.5 na 5 (yaani biti bilioni 2.5 na 5 kwa sekunde kwenye kila njia), walitumia. Cha tatu, gigatransfa 8, wakahamia 128b/130b. Ethaneti ya gigabiti 10 nayo ina 64b/66b, ndiyo maana kwenye nyuzi inakwenda 10.3125. Lakini hao hawakuvua nguo wakatoka uchi. Data yao inachanganywa kwanza kwa fomula inayojulikana pande zote mbili, ili hata sifuri tupu zionekane kama karanga zilizomwagwa, halafu kila furushi lina biti mbili mbele ambazo daima ni tofauti, kwa hiyo mgeuko upo kwa lazima. Walibadilisha nguo. Huyu wetu kachukua asilimia 20 kaiweka kwenye tangazo lake la biashara.

Kwa njia, wale mnaolalamika kila siku kwamba diski ya SATA ya gigabiti 6 haizidi megabaiti 600 na mkamtukana muuzaji wa Kariakoo: hapo hamjaibiwa, ni biti 10 kwa kila baiti. USB 3.0 ya gigabiti 5 nayo inaishia megabaiti 500 kwa hesabu hiyo hiyo. Sisi ndio tuliopigwa.

Kwa sasa nimeweka kiraka. Nimebandika bati la kijivu nyuma ya mifereji na kupandisha taa mpaka kamera isome karibu na 85 kwenye rangi zote tatu, maana 85 kwa biti ni 01010101. Tangu juzi laini haijakatika. Ila punje safi bado zinapulizwa, kwa ile alama hakuna taa itakayonisaidia, na mpaka wa rangi nimelazimika kuupanga upya, punje nyeusi ndogo ndogo zinaponyoka.

Ninachotaka ni programu ya zamani irudishwe kwenye kamera na bodi, na fedha ya kebo tatu. Wakala anasema ya zamani "haipo tena". Kuna mdau yeyote ambaye mashine yake ya aina hii haijaguswa na hilo sasisho, Mbinga, Mbozi, hata wa korosho Mtwara? Nahitaji nakala ya programu kutoka kwenye bodi, kuisoma najua, nitakuja na vifaa vyangu.

NIMEONGEZA: Mkuu uliyeuliza mbona huku nasema asilimia 20 na kule 25. Zote sahihi. Kati ya biti 10 zinazopita, 2 si data, hiyo ni 20. Lakini ukitoka gigabiti 1 ya data kwenda 1.25 umeongeza 25. Kwenye tangazo aliweka kubwa, kwenye utetezi akaweka ndogo.

NIMEONGEZA TENA, saa 2 usiku: Nimewatumia wakala maelezo haya yote kwa barua pepe, kurasa tatu, na picha za oskiloskopu na ya kanga. Wamejibu sasa hivi: "Tumepokea. Fundi wetu atafika Jumatano na kebo mpya, tafadhali andaeni malipo."