MJADALA: Wayemeni waliotimuliwa Saudia 1990, lawama iwe ya Riyadh au ya Sana'a?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kila tukizungumzia ndugu zetu walioko Ghuba, hachelewi mtu kusema Wayemeni wa 1990 walijitakia, eti serikali yao ilipiga kura vibaya Umoja wa Mataifa. Mimi napinga.

Tuanze na tarehe, maana zinachanganywa. Iraq iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990. Yemen mbili zilikuwa zimeungana Mei mwaka huohuo, na nchi hiyo changa ikajikuta imekalia kiti Baraza la Usalama. Azimio la kulaani uvamizi haikulipigia kura, la vikwazo ikajizuia. Azimio 678 la kuruhusu vita, lililopingwa na Yemen na Cuba tu, lilipigiwa kura 29 Novemba. Lakini Riyadh iliwageuzia kibao Wayemeni Septemba! Adhabu ilitangulia ile kura inayosemwa kila siku.

Na adhabu yenyewe haikuwa ndogo. Tofauti na wageni wengine, Myemeni hakuhitaji kafili, yaani mwenyeji wa kumdhamini. Aliingia, akafanya kazi, akafungua duka lake mwenyewe. Ghafla akapewa wiki chache: tafuta kafili Msaudi au ondoka. Mfikirieni mwenye duka la nguo Jeddah. Akimpata kafili, duka linakuwa la kafili. Asipompata, auze mzigo kwa bei ya kutupa, na Wayemeni wenzake mtaa mzima wanauza wiki hiyohiyo, sasa nani atanunua? Waliorudi wanakadiriwa kati ya 800,000 na milioni moja. Wengi wa Tihama, ule ukanda wa pwani ya Yemen, waliishia kwenye vibanda pembezoni mwa mji wa bandari wa Hudaydah, na miaka ilipita bado wapo palepale.

Tafadhali, ile ya fahali wawili na nyasi msiniletee. Hapa fahali mmoja alichagua nyasi za kukanyaga.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unamwachia rais wa Yemen wakati ule, Ali Abdullah Saleh, kirahisi mno. Rais mwenye raia karibu milioni kwa jirani, na fedha wanazotuma ndizo zinazoendesha nchi yake, anacheza kamari gani hiyo? Jeshi la Saddam wa Iraq lilikuwa mpakani mwa Saudia, Riyadh ingemwamini nani? Tena kisheria hawakufukuzwa, waliambiwa wafuate utaratibu wa wageni wote. Arafat, kiongozi wa Wapalestina, naye alifanya yaleyale. Wapalestina Kuwait walikuwa kama 400,000, baada ya vita wakabaki makumi ya maelfu tu. Mwaka 2004 Mahmoud Abbas, aliyemrithi Arafat, akaenda Kuwait kuomba radhi. Mtu haombi radhi kwa kosa ambalo halipo.

Mleta mada:
Utaratibu wa wageni wote? Mbona Mmisri hakubadilishiwa sheria mwezi ule? Kwa sababu Misri ilipeleka askari. Hilo ndilo nalosema: karatasi za mfanyakazi zilifuata msimamo wa rais wake. Na hiyo radhi ya 2004 ilitoka kwa kiongozi kwenda kwa viongozi. Mwalimu wa Kipalestina aliyekuwa keshahamia Amman, miaka 13 imepita, yeye alipata nini?

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana kana kwamba lilikuwa halikwepeki. Oktoba 2021 yalisambaa maneno ya waziri wa Lebanon, George Kordahi, ya kuilaumu Saudia kuhusu vita vya Yemen, aliyoyasema kabla hata hajateuliwa. Saudia ikamtimua balozi na kuzuia bidhaa za Lebanon. Walebanoni wanaofanya kazi kule walitetemeka, lakini tamko la Riyadh lenyewe likawatenga na serikali yao, na kazi zikaendelea. Rudini 2017 muone kinyume chake, nchi hizo zilipovunja uhusiano na Qatar: Waqatar waliokuwa Saudia, Imarati na Bahrain walipewa siku 14 waondoke, pamoja na waliooa huko. Kwa hiyo serikali ikitaka kumwacha mtu wa kawaida nje ya ugomvi, inaweza. Hapo nipo na mleta mada, ingawa Saleh naye simsafishi.

Mchangiaji wa tatu:
Niko Mombasa, nina jamaa Hadhramaut kule Yemen na wengine Riyadh. Ya Saleh yamepita. Nachotaka kujua, Nairobi na Riyadh zina makubaliano ya ajira: yana kifungu chochote kinachomlinda dada wa kazi siku mabalozi wakirudishwa kwao? Mwenye nakala aiweke hapa tuisome.