Unga wa beri za kaskazini kwa ajili ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo): wifi anataka niuze kwenye kibanda changu cha juisi, mnasemaje?

MamaRosela_Tanga:

Habari za jioni wanajukwaa, wakubwa shikamooni.

Mimi nauza juisi hapa Tanga mjini, kibanda kiko njia ya Raskazone. Rosela, ukwaju, ubuyu, na zambarau zikiingia sokoni Mgandini. Sasa wifi yangu kaniletea mtihani. Amejiunga na hizi biashara za kuingiza watu chini yako, kaenda semina, karudi na makopo ya unga wa rangi ya zambarau iliyokoza. Anasema ni beri za porini kutoka Finland na Sweden, huko kwenye theluji: bilberi, lingonberi na kranberi. Kopo moja 65,000 na linaenea kiganjani.

Anataka niwe natia kijiko kwenye juisi, glasi ya 1,000 iwe 3,000, na mbele nibandike bango: "Inatibu UTI, inaua bakteria, ina antioksidanti, inasafisha damu." Kaja na karatasi yenye picha ya sahani ya kioo iliyotanda utando mweupe, katikati pana duara safi kabisa. Eti hapo ndipo unga ulipowekwa, bakteria wote chali, ushahidi wa maabara huo, nataka nini tena.

Shule sikufika mbali, lakini si mtu wa kuburuzwa. Kuna mteja wangu ana mimba ya miezi sita, kila akipima mkojo anaambiwa UTI, na keshaniuliza mara mbili kama unga umefika. Huyo ndiye aliyenitia woga.

Kwa hiyo nauliza: ile picha ni ya kweli au usanii? Hizo beri zina nini ambacho rosela na zambarau zangu hazina? Na mjamzito nimjibu nini? Nawasilisha.

---

Barabara_ya_Nane:

Kwa 3,000 mimi nakunywa juisi, nakula na chapati, na chenji inarudi. Wifi yako anatafuta mtu wa kumweka chini yake, mama. Wagonjwa hawamhusu.

---

MzeeWaAgari:

Mama Rosela, marahaba. Mimi ni fundi wa maabara mstaafu, nipo Pongwe na kuku wangu. Kuotesha mikojo ya watu wa mkoa huu ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto, basi niruhusu nirefushe kidogo.

Picha inaweza kuwa ya kweli kabisa. Ile sahani ina agari, kitu kama uji ulioganda, chakula cha vijidudu. Unapaka bakteria juu yake kwa kijiti cha pamba, unatoboa kishimo, unadondoshea dawa yako humo, unaifungia kwenye kitotoleshi cha nyuzi 37 usiku kucha. Asubuhi bakteria wametanda kote isipokuwa pale dawa iliposambaa. Lile duara tunalipima kwa rula, milimita kwa milimita.

Sasa chukua ndimu, ikamulie kwenye kishimo kama hicho. Duara utalipata. Tia siki, utalipata. Tia spiriti, utalipata. Bakteria wengi hawastahimili uchachu, na kranberi ni chachu kwelikweli, inakaribiana na rosela yako kabla hujatia sukari. Ndiyo maana mpimaji makini husawazisha kwanza uchachu wa beri, halafu huweka kishimo kingine chenye kile kimiminika kitupu alichotumia kukamulia. Dondoo nyingi za maabara, yaani viini vinavyotolewa kwenye tunda, hukamuliwa kwa ethanoli au methanoli, na hizo zenyewe zinaua. Angalia karatasi ya wifi yako: hicho kishimo cha pili kipo? Kama hakipo, duara lile halijakwambia chochote kuhusu beri.

Lakini nisizionee beri za watu. Kitu kipo ndani yake. Watafiti wa Finland, katika kazi walizochapisha 2001 na 2005, walizijaribu beri za kwao moja moja dhidi ya bakteria wa tumboni. Zilizotia fora ni rasiberi na klaudiberi, ile ya rangi ya chungwa inayoota kwenye ardhi ya majimaji. Salmonella na Staphylococcus walidhoofika sana, Listeria karibu zote hazikumtikisa. Sifa kubwa walizipa tanini fulani ziitwazo elagitanini. Tanini unazijua bila maabara: zambarau isiyoiva vizuri ukiitafuna, ule ukakasi unaokausha ulimi mpaka unashindwa kumeza. Pale tanini imeshika protini za mate yako. Kwa bakteria nako inashika protini, za ngozi yake na za vimeng'enya vyake. Tazama basi kopo lako: rasiberi haimo, klaudiberi haimo.

Tuje kwenye UTI, kwa sababu hapo wifi kachanganya habari mbili. Kranberi haisifiwi kwa kuua. Mdudu anayeleta UTI nyingi ni E. coli, na ana vinyweleo vya kujishikizia kwenye ukuta wa kibofu. Kranberi ina proanthosianidini za aina A, nazo ni jamii ya tanini, lingonberi nayo inazo, na hizo huvuruga ule ushikaji. Mdudu hafi, anateleza, anatoka na mkojo. Mwaka 2001 huko Oulu, Finland, walichukua wanawake 150 waliokuwa wametoka kuugua UTI ya E. coli, wakawagawa makundi matatu. Kundi moja lilipewa mililita 50 za juisi nzito ya kranberi na lingonberi kila siku kwa miezi sita. Ilipotimia miezi hiyo, waliougua tena kundi la juisi walikuwa asilimia 16, na kundi lisilopewa kitu asilimia 36. Utafiti mdogo, ndiyo. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya tafiti 50 zenye watu karibu 9,000, wakaona kwa wanawake wanaopata UTI ya kujirudiarudia kranberi inapunguza hatari kwa takribani robo. Wajawazito hawakuonekana kunufaika, wala wazee wanaotunzwa kwenye makao.

Umeona hao ni watu gani? Ni waliokwisha kupona, wanaojikinga isirudi. Aliye na UTI leo, mkojo unamchoma na homa juu, hamo kwenye hesabu hizo. "Inatibu UTI" kwenye bango lako ni uongo, hata kama unga ni halisi.

---

MamaRosela_Tanga:

Mzee wangu Mungu akuzidishie. Nimeikagua karatasi, kishimo cha pembeni hakuna. Nimemuuliza wifi, kasema mimi nina wivu wa maendeleo.

Na ile ya antioksidanti? Maana hapo ndipo anapopigia kelele zaidi. Eti beri hizo ndizo namba moja duniani.

---

MzeeWaAgari:

Namba moja ya wapi? Antioksidanti ni vitu vinavyozuia kemikali haribifu zisiharibu seli. Kipimo kimoja kinaitwa DPPH. Ni kimiminika cha zambarau. Ukidondoshea kitu chenye antioksidanti rangi inafifia kuelekea njano, halafu mashine inasoma imefifia kiasi gani. Bilberi inaifuta vizuri sana. Rosela nayo inaifuta. Chai ya rangi ya pale stendi ya Kange inaifuta. Ni mchezo wa kwenye chupa. Wamarekani walikuwa na jedwali kubwa la alama za namna hiyo kwenye tovuti ya wizara yao ya kilimo, na mwaka 2012 wakaliondoa wenyewe, kwa sababu wafanyabiashara walizitumia kutangazia bidhaa wakati alama hizo hazionyeshi kinachotokea ndani ya mwili. Rangi ile ya beri, anthosianini, ukiinywa ni sehemu ndogo sana inayofika kwenye damu ikiwa nzima.

Tena hukohuko Finland waliwahi kujaribu antioksidanti ya vidonge, betakarotini, kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Majibu yalitoka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Tunda ni chakula, kula. Dondoo iliyokolezwa ni jambo lingine, nayo inataka ushahidi wake yenyewe.

Swali lako la zambarau nililiruka. Rangi ya zambarau zetu na rangi ya bilberi ni ukoo mmoja. Zote zina delfinidini, petunidini na malvidini. Rosela ina delfinidini na sianidini. Kwa upande wa rangi, wifi anakuuzia kwa 65,000 kitu ambacho msimu wake ukifika kinaozea chini ya miti Muheza. Zile proanthosianidini za aina A za kuzuia UTI, hizo waachie kranberi na lingonberi. Usije ukabandika bango la zambarau kutibu UTI na wewe!

---

Msambaa_wa_Oulu:

Nimecheka kuona Oulu imetajwa, ndiko ninakoishi. Kwetu Lushoto, sasa nina shemeji wa Kifini.

Mama, huku beri si siri ya nani wala ya semina. Sheria za desturi zao zinamruhusu mtu yeyote kuingia msitu asioumiliki na kuchuma. Bilberi huiva kuanzia Julai mwishoni, lingonberi Septemba. Mama mkwe ana kichumio cha mkono, kiboksi chenye meno kama kitana. Anakipitisha kwenye vichaka vilivyofika magotini, anapepeta majani, ndoo imejaa. Bilberi ukiipasua ni zambarau mpaka ndani, vidole havisafishiki siku mbili. Zile za kubwa kubwa za kwenye maduka makubwa ya Dar ni jamii nyingine ya kulimwa, ndani ni nyeupe-kijani, rangi iko kwenye ganda tu.

Lingonberi ndiyo imenishangaza. Wanaiponda, wanaiweka kwenye mtungi bila sukari, inakaa majira yote ya baridi. Ina asidi benzoiki ya asili, ileile inayotiwa kwenye soda na sosi za chupa kuzuia ukungu. Hapo kweli inapigana na vijidudu, ila ni ndani ya mtungi. Wanaila na uji na nyama. UTI ikimbana mtu anaenda kwa daktari, na antibayotiki huwezi kununua bila cheti. Hata mama mkwe, na mapenzi yake yote kwa beri zake, haendi kuchuma akiwa na homa.

---

DukaLaDawa_Chumbageni:

Wengine wamemaliza, mimi nashika la mjamzito tu. Mama Rosela, usimuuzie na usimnyamazie. UTI ya mimba ikiachwa inaweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Arudi kliniki, na kwa kuwa inajirudia aombe mkojo uoteshwe, siyo kile kijiti cha kuchovya peke yake. Kuotesha kutaonyesha kama kuna mdudu kweli na ni dawa gani inamweza. Mjini hapa nusu ya wanaokuja kaunta kwangu wanasema wana UTI, na wengi wameshamaliza dozi ya jirani. Hivyo ndivyo usugu wa vijidudu kwa dawa unavyokuja.

Lingine: ukiona mteja anatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, asinywe kranberi kabla ya kumuuliza daktari wake. Na ukishaandika "inatibu" umetoka kwenye chakula umeingia kwenye dawa, wala si TBS, wa viwango, peke yao utakaoongea nao. TMDA, wa dawa na vifaa tiba, watauliza usajili uko wapi. Wifi hatakuwepo kibandani siku hiyo.

---

MamaRosela_Tanga:

Nimewaelewa. Mjamzito nimeshamwambia, kesho anakwenda kliniki na dada yake.

Mzee, makopo mawili nilikuwa nimeshayalipia nusu. Nitajuaje kama humo kuna beri kweli na si rangi ya barafu za watoto?

---

MzeeWaAgari:

Ncha ya kijiko kwenye maji, koroga. Itakuwa nyekundu au zambarau. Gawa glasi mbili. Moja tia ndimu, nyingine tia bikaboneti ya soda ile ya maandazi, kidogo kidogo. Anthosianini ya kweli inang'aa nyekundu kwenye ndimu na inageuka buluu ya kijani chafu kwenye soda. Jaribu kwanza na rosela yako uione ilivyo. Kama ile ya kopo imebaki nyekundu vilevile pande zote, hiyo ni rangi ya kiwandani. Si jambo la kubuni: mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha habari ya dondoo ya bilberi iliyokutwa imetiwa rangi nyekundu ya vyakula iitwayo amaranti.

Ikigeuka, ujue kuna tunda lenye rangi hiyo, basi. Haitakwambia ni bilberi au ni zambarau za Muheza zilizokaushwa.

---

MamaRosela_Tanga:

Moja limegeuka kijani kama mlivyosema. La pili limekaa jekundu tu, hata baada ya soda kijiko kizima. Makopo ya aina moja, nembo moja, semina moja! Nimempigia wifi aje aone mwenyewe, na nusu yangu arudi nayo.

La mwisho mzee: zambarau nikizichemsha juisi inakuwa kama kahawia. Nifanyeje?

---

MzeeWaAgari:

Usichemshe. Joto na mwanga vinaiharibu ile rangi. Chambua, osha, zikauke maji, gandisha kwenye mifuko midogo ya matumizi ya siku moja. Siku ya kuuza ponda na mikono ili usivunje kokwa, chuja, kamulia ndimu, weka kwenye jagi lenye kifuniko mbali na jua. Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, maana hapo ndipo bakteria wa kweli wa juisi wanapotokea.