Spilita: TV moja, sabufa, hedifoni za mzee na kompyuta. Nifungeje?

Mtoto wa Sebuleni
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijanunua nyaya nisizozihitaji. Nina TV yenye tundu dogo la hedifoni la milimita 3.5, tundu la optiko (linalotoa sauti kwa mwanga), na HDMI iliyoandikwa ARC (inayoweza kutoa sauti kwenda spika). Sabufa yangu ni ya kawaida tu, kwa nyuma ina matundu mekundu na meupe.

Mzee wangu masikio yamepungua nguvu. Anataka kuvaa hedifoni asikie taarifa ya habari vizuri, huku sisi wengine tunasikiliza kwenye sabufa kwa sauti ya wastani. Hilo la kwanza. La pili, kompyuta nayo nataka ipige kwenye sabufa hiyohiyo bila kuchomoa waya wa TV kila mara.

Nimefikiria spilita mbili za umbo la Y. Moja igawe sauti ya TV kwenda hedifoni na sabufa. Nyingine ikusanye TV na kompyuta, ziingie sabufa kwa pamoja. Itakubali, au nitaunguza kitu?

Fundi Solda
Mkuu, nusu ya mpango wako ni sawa, nusu iache. Spilita ya Y ni waya tu, ndani haina akili yoyote. Chanzo kimoja kwenda vifaa viwili, ruksa. Vyanzo viwili kwenda kifaa kimoja, hapana.

Sababu yake ni hii. Tundu la kuingizia sauti kwenye sabufa lina ukinzani mkubwa, yaani linauzuia umeme sana, mara nyingi omu (kipimo cha ukinzani) 10,000 au zaidi, kwa hiyo linavuta mkondo kidogo mno. Hata ukilisha sabufa mbili kutoka tundu moja la TV, TV haishtuki. Tundu la kutolea sauti ni kinyume chake, ukinzani wake ni mdogo. Ukiyakutanisha matundu mawili ya kutolea, TV inaisukumia kompyuta sauti ambayo ilitakiwa iende sabufa, na kompyuta nayo inairudishia TV. Hata moja ikinyamaza, bado inaweza kumeza sauti ya mwenzake. Utapata sauti hafifu, pengine inakwaruza, na saketi za kutolea zinabeba mzigo usio wao.

Waya Tatu
Tusitishane jamani. Mimi TV na deki ya DVD nimezikutanisha kwa Y, zinapiga mpaka leo.

Fundi Solda
Sikusema italipuka. Vifaa vingi vimewekewa rezista ndogo (kipande cha kuzuia mkondo) kwenye njia ya kutolea, hiyo ndiyo inayokulinda. Jaribu hivi: deki ikiwa imezimwa na TV inapiga, chomoa waya wa deki kwenye Y. Sauti ikipanda, ujue deki ilikuwa inakula.

Waya Tatu
Imepanda kidogo. Naiacha vivyo hivyo.

Bibi Miksa
Kijana, kabla hujanunua chochote, igeuze hiyo sabufa usome vizuri nyuma. Sabufa nyingi zina jozi mbili za matundu, moja imeandikwa DVD na nyingine AUX, na unachagua kwa rimoti. Kama yako iko hivyo, TV ipe moja, kompyuta ipe nyingine, swali la pili limekwisha.

Kama ina jozi moja tu, tafuta kiteuzi: kisanduku chenye vitufe, nyaya za vyanzo zinaingia, jozi moja inatoka kwenda sabufa. Hakihitaji hata umeme, maana kazi yake ni kukata njia moja na kufungua nyingine. Ukitaka TV na kompyuta zisikike kwa wakati mmoja, hapo ndipo unahitaji miksa ndogo, yaani kifaa cha kuchanganya sauti. Wenye mkono wa solda wanaweza kuweka rezista ya kilo-omu 1 hadi 5 kwenye kila njia, nne kwa jumla kwa kuwa sauti ni ya kushoto na kulia, kisha ndipo wazikutanishe. Inakubali, ila sauti inapungua.

Njia nyingine ambayo watu huisahau: unganisha kompyuta kwenye TV kwa HDMI. Sauti ya kompyuta itatoka kupitia TV, na TV inabaki chanzo pekee cha sabufa. Ubaya wake ni kwamba lazima TV iwake hata ukitaka muziki tu.

Sikio la Tatu
Niongezee kwenye hedifoni, maana hapo ndipo utakapopata tabu. Umeme hautasumbua, tatizo ni sauti. Ukigawa tundu la hedifoni, rimoti ya TV inapandisha vyote viwili. Sabufa ina kitasa chake, utaishusha. Hedifoni za mzee je? Akitaka ziongezwe, unapandisha TV, halafu unakimbilia kushusha sabufa. Mtafanya hivyo kila siku.

Mnunulie hedifoni zenye kitasa cha sauti kwenye waya, kisha TV iweke juu kiasi na kila mtu ajirekebishie upande wake. Hedifoni nyingi zina omu 32 hivi, tundu la TV linazimudu. Mama naye akitaka za kwake, mbili pamoja zinakuwa omu 16 na sauti inaweza kushuka. Kama mtakuwa wengi, kuna amplifaya ndogo ya hedifoni yenye matundu manne, kila tundu na kitasa chake. Hiyo ni bora kuliko kurundika spilita juu ya spilita.

Halafu angalia spilita yenyewe dukani. Kuna zinazofanana kwa sura lakini moja ni ya kutenganisha maikrofoni na hedifoni. Hiyo ukiichomeka, tundu moja litapiga na jingine litakuwa kimya. Itazame pini: ya kugawa sauti ina mistari miwili myeusi, ile yenye njia ya maikrofoni ina mitatu.

Ngoma Ndani
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nataka kuongeza spika nyingine mbili nyuma ya amplifaya kwa spilita hizihizi. Sheria ni ileile ya ruksa kugawa?

Fundi Solda
Hapana mkuu, hapo ni habari nyingine kabisa. Spika haina ukinzani mkubwa. Mbili za omu 8 ukizifunga sambamba, zote kwenye nyaya zilezile mbili, zinakuwa omu 4, mbili za omu 4 zinakuwa 2. Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachoruhusu. Ukishuka chini yake inachemka, na kama haina kinga itakufa. Ukizifunga kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine, mbili za omu 8 zinakuwa 16, salama ila sauti inapungua. Na hivyo vijiwaya vyembamba vya spilita havifai kwa spika.

Mtoto wa Sebuleni
Shukrani nyingi. Bibi, nimeigeuza, ina AUX na DVD kweli! Nimechomeka kompyuta kwenye AUX kwa waya niliokuwa nao, inapiga, ila kuna mvumo chini kwa chini hata muziki ukisimama.

Bibi Miksa
Chomoa chaja ya kompyuta, iache itumie betri. Mvumo ukikata, basi umeme unazunguka kupitia chaja na sabufa. Kwanza chomeka vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Mvumo ukibaki, kuna kifaa kidogo cha kutenga, kina transfoma mbili ndani, unakiweka katikati ya waya wa sauti. Na asije mtu akakushauri ukate pini ya ardhi kwenye plagi. Hiyo ipo kwa ajili ya uhai wako.

Mtoto wa Sebuleni
Betri imeuondoa. Swali la mwisho: mzee nimpe hedifoni za Bluetooth badala ya waya?

Sikio la Tatu
Akiwa peke yake chumbani, sawa. Mkiwa naye sebuleni, Bluetooth inachelewa, mara nyingi milisekunde 100 hadi 200 au zaidi. Sabufa ya waya itatangulia, yeye atasikia mwangwi, na midomo ya mtangazaji haitaendana na maneno. TV nyingine pia hukata sauti ya waya pindi Bluetooth inapoungana.

Na ukija kutumia tundu la optiko kulisha sabufa kupitia kigeuzi cha dijitali kwenda analogi, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uweke PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa). Ukiiacha kwenye Dolby (sauti iliyobanwa), vigeuzi vingi vidogo havitatoa sauti ya maana.

Mtoto wa Sebuleni
Basi mzee atatumia waya. Kesho nakwenda kutafuta spilita yenye mistari miwili, waya mrefu wa kumfikia kwenye kochi, na hedifoni zenye kitasa.