Tupeane uzoefu: wokovu ulipoingia nyumbani, ukoo ukagawanyika

Wa Kirumba
Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Jumapili mchungaji alisoma Mathayo 10:34–37, pale Bwana anaposema hakuja kuleta amani bali upanga, kisha akalivuka andiko hilo kama mtu aliyekanyaga makaa na kuingia kwenye matangazo ya harambee. Nilibaki nimeduwaa, kwa sababu dada yangu hajakanyaga kwetu tangu aokoke. Naomba waliopitia hayo waeleze.

Wa Magu
Mimi ni mtoto wa kiume wa kwanza, na mliokulia Usukumani mnafahamu maana yake baba anapofariki. Baada ya matanga, wazee waliniita mbele ya vijumba vya mizimu, wakanipa bakuli la unga wa mtama uliochanganywa na maji, ili niwataje waliotutangulia kwa majina na kuwaomba wautunze mji ule. Nilikuwa nimekwisha kubatizwa ziwani, nao walilijua hilo. Niliposema kwamba sitaweza, baba mdogo hakunifokea. Alilipokea bakuli, akaliweka chini, akamgeukia mama na kumwambia kwamba katika msiba ule amezika watu wawili. Hapo ndipo mama yangu mzazi alipopiga magoti mbele yangu, jambo ambalo mtoto hapaswi kulishuhudia, akanisihi nilishike tu lile bakuli bila kutamka neno, kwa kuwa Mungu anaona moyo. Sikulishika. Ng'ombe wa baba waligawanywa bila jina langu kutajwa, nami nikaja mjini kubeba mizigo soko la Mwaloni. Baadaye mwanangu alipolazwa kwa malaria, shangazi alinitumia ujumbe kwamba dawa yake ninaijua iliko.

Wa Igoma
Kwetu pia ilikuwa hivyo, isipokuwa bakuli lilikuwa la pombe. Pole sana, kaka.

Wa Buhongwa
Ndugu wa Magu, ungelishika. Katika 2 Wafalme 5, Naamani aliomba asamehewe atakapoinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, pamoja na bwana wake, naye Elisha akamwambia aende kwa amani. Wewe ni mtakatifu kuliko Elisha?

Wa Magu
Naamani alikuwa mtumishi ambaye bwana wake aliuegemea mkono wake. Hakuiongoza ibada ile. Mimi ndiye niliyetakiwa kuiongoza.

Wa Buhongwa
Na mama aliyepiga magoti? Katika Marko 7 Bwana aliwakemea watu waliotumia Korbani, yaani kuitamka mali kuwa wakfu kwa Mungu, kuwanyima wazazi wao haki yao.

Wa Magu
Korbani ilihusu mali. Mama nimekuwa nikimpelekea fedha ya chakula kila ninapopata, hata wakati alipokuwa hapokei simu yangu.

Wa Nansio
Msidhani kwamba mpasuko huu uko baina ya kanisa na mizimu peke yake. Mimi na mdogo wangu tuna mtumbwi mmoja wa dagaa, na sote ni Wakristo. Alipojiunga na Wasabato, alikataa kuingia ziwani Ijumaa jioni, kwa kuwa Sabato yao huanza jua linapotua. Wavuvi mnajua kwamba karabai huvuta dagaa vizuri usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu tunakaa nchi kavu. Sasa Ijumaa ikiangukia kwenye giza, tunapoteza usiku wa mapato. Tuligombana hadi tukataka kuugawa mtumbwi, ambao, kama mjuavyo, haugawanyiki.

Wa Igoma
Ajiriwe mtu mwingine kwa Ijumaa, naye mdogo wako asidai mgawo wa usiku huo. Neno hilo halihitaji maombi ya kufunga.

Wa Nyegezi
Ninaandika kama mama aliyeachwa. Binti yangu alihamia kanisa la kilokole, akagoma kuingia kwenye misa ya mazishi ya baba yake, akasimama nje chini ya mwembe huku sisi tukilia ndani. Upanga wa Bwana naujua, lakini wapo vijana wanaoushika wenyewe kwa makali na kutukatia sisi. Hata ndugu zake Yesu hawakumwamini, Yohana 7:5 inasema hivyo, na bado katika Matendo 1:14 wako ghorofani wakisali pamoja na mama yake. Angewafungia mlango, wangefikaje pale?

Wa Kirumba
Mama, shikamoo. Maneno hayo nitampelekea dada yangu. Ndugu wa Magu, mama yako yuko wapi sasa?

Wa Magu
Yuko kijijini. Alikuja kumwona mjukuu hospitalini, akakaa hadi tuliporuhusiwa. Kuhusu bakuli hatujazungumza.

Wa Sengerema
Nisaidieni haraka. Jumamosi tuna tambiko la babu, na mbuzi atachinjwa kaburini. Je, nile nyama?

Wa Buhongwa
Kula. Nyama ni nyama.

Wa Magu
Usile. Soma 1 Wakorintho 10:27–28: ukiandaliwa chakula, kula bila kuuliza, ukiambiwa kimetolewa sadaka, acha.

Wa Igoma
Basi achelewe kufika, asimkute wa kumwambia.

Wa Nyegezi
Achelewe kwa kisingizio gani? Daraja la Kigongo–Busisi la kwenda Sengerema lilifunguliwa mwaka 2025, kivuko hakisingiziwi tena.